Shifa na Waifai ya Mnada wa Ng'wanjolo

Kila Jumanne Shifa Tajudin aliamka akiwa ameshakasirika. Aliswali, akampikia uji binti yake Muzdalifa, akajaza chai kwenye chupa ya baba yake, na muda wote huo alikuwa amekaza taya kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Muzdalifa, ambaye alikuwa na miaka saba na akili ya kutosha, siku hiyo hakuuliza swali lolote mpaka mama yake atoke. Jumanne ilikuwa siku ya mnada.

Shifa alikuwa mtoto wa mjini. Alizaliwa Bariadi, nyuma ya duka la vitenge la mzee Tajudin, Mrangi wa Kondoa aliyefika huku miaka mingi iliyopita na robota tatu za vitenge na hakuondoka tena. Kisukuma alikisikia dukani tangu utotoni. Alikielewa chote, lakini ulimi ukawa mzito, kwa hiyo wateja walimsemesha Kisukuma naye akawajibu Kiswahili, na biashara ikaenda. Alisomea utunzaji wa kumbukumbu Tabora, akaolewa, ndoa ikavunjika, akarudi nyumbani na mtoto mmoja. Kazi ilipotangazwa aliomba akidhani atakaa kwenye ofisi yenye mafaili na feni. Alipangiwa ukarani wa mnada wa mifugo wa Ng'wanjolo, nje ya mji, barabara ya kwenda Nkololo.

Mwezi wa kwanza, dume akikoroma tu nje ya dirisha, Shifa alipanda juu ya kiti. Mwaka wa tatu alikuwa anamsukuma ndama kwa nyonga apishe mlangoni, huku anaongea na simu.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mtu akinunua ng'ombe mnadani hawezi kuwaondoa bila kibali. Afisa mifugo anawakagua na kusoma namba za hereni za masikioni mwao, namba zinaingia kwenye mfumo, karani anajaza jina la mwenye mali, wanakotoka na wanakokwenda, kisha anachapa kibali chenye alama ya kusomwa kwa simu. Bila karatasi hiyo, lori linarudishwa kwenye kizuizi cha kwanza. Kibali cha kuandika kwa mkono kilishapigwa marufuku. Ofisi ilikuwa na laptopu mbili, printa moja na kisanduku cha waifai ambacho wenyewe walikiita ruta. Ruta ilifungwa ukutani katika chumba cha nyuma cha mkuu wa mnada, Mama Salu, kwa sababu ndicho chumba pekee kilichokuwa na kitasa kinachofanya kazi. Printa ilikaa mezani kwa Shifa. Tundu la kuchomeka waya wa kuiunganisha na kompyuta lilivunjika siku printa ilipoanguka kutoka kwenye bodaboda, kwa hiyo ilipokea kazi kwa waifai tu.

Na hapo ndipo shida ilipoingia, mwezi wa sita, wakati ng'ombe wanauzwa kwa wingi.

Shida hiyo ilikuwa na tabia ya kumtia mtu wazimu, maana ukiangalia hukuona kilichoharibika. Asubuhi vibali vilitoka vizuri, kimoja, viwili, kumi. Umeme ukicheza kidogo, taa ikazimika na kuwaka, basi. Mtandao ulikuwepo. Mfumo ulifunguka. Kibali kilijazwa, kikapewa namba, kikahifadhiwa. Shifa akibonyeza kuchapa, kompyuta inamjibu kwamba printa haionekani. Printa ipo mbele yake, taa yake ya kijani inawaka, angeweza hata kuipiga kofi.

"Haionekani na nani?" aliiuliza kompyuta siku ya kwanza. "Mimi naiona!"

Akazima laptopu, akawasha. Laptopu ile ilikuwa nzito, ilichukua dakika nane kuamka. Wakati mwingine ikiamka ilichapa, wakati mwingine haikuchapa. Nje ya dirisha foleni ilirefuka, ng'ombe walikunya kwenye ngazi za baraza, madereva wa Fuso walipiga honi. Kila mtu aliyefika dirishani alikuwa na ushauri. Mmoja alimwambia aifunike printa na kitambaa kibichi, ina joto. Mwingine alimwambia kwa sauti ya chini kwamba ofisi ile ilijengwa mahali pabaya, kuna watu walihamishwa makaburi yao, na mashine hazitatulia mpaka patambikiwe.

"Mayu," bibi mmoja alimwita mama kwa Kisukuma, kwa huruma, "kwani hiyo mashine imekula?"

Shifa alisonya mpaka mate yakamkauka.

Fundi aliyefunga mtandao ule aliitwa Imrani, kijana wa mjini ambaye Shifa alimjua tangu shule ya msingi. Alimpigia simu mara sita katika wiki mbili. Imrani alikuwa na jibu moja: "Dada Shifa, hapo kuna mtu anahamisha laptopu kwenda mtandao mwingine. Mkiwa kwenye mtandao mwingine, intaneti mtaipata lakini printa hamtaiona. Hakikisheni mko kwenye wa ofisi."

Wa ofisi uliitwa MNADA. Shifa alikagua. Palikuwa pameandikwa MNADA. Kila alipokagua palikuwa pameandikwa MNADA.

Basi akaanza kumwangalia Anatoli.

Anatoli ndiye aliyekuwa afisa mifugo, mtu wa Kagera, mrefu, mkimya, anavaa buti za mpira hata kiangazi. Laptopu ya pili ilikuwa yake, na alikaa nayo barazani, chini ya dirisha, ili asome hereni ng'ombe wakipita. Shifa aligundua kwamba kila shida ilipoanza, ilianza kwa laptopu ya Anatoli, ambayo nayo ilichapa orodha za hereni, ndipo ikahamia kwa yake. Aligundua pia kwamba Anatoli alipenda mpira. Ng'ambo ya uwanja, hatua kama themanini kutoka barazani, palikuwa na banda la Mayige la nyama choma, na watu walisema Mayige siku hizi ana waifai na televisheni kubwa inayoonyesha mpira kupitia mtandao huo. Anatoli alikula hapo kila mchana. Siku moja Shifa alichungulia kwenye skrini ya Anatoli akaona, pembeni ya orodha ya hereni, ukurasa wa matokeo ya ligi.

Kwa Shifa, kesi ilikuwa imekwisha.

"Anatoli, wewe unajiunga na waifai ya Mayige."

"Sijiungi."

"Unajiunga, unaangalia mpira, halafu unavuruga printa."

"Dada Shifa, matokeo nimeangalia, ni kweli. Lakini niko kwenye mtandao wa ofisi. Njoo uone jina." Akamgeuzia laptopu. MNADA.

"Umeshabadilisha nilipoinuka."

Anatoli akarudi kimya kwa ng'ombe wake. Ukimya wake huo ndio uliomponza. Angebisha, angefoka, labda Shifa angesita. Lakini alinyamaza, na Shifa alilelewa dukani, ambako anayenyamaza akiulizwa habari ya kitenge kilichopotea ndiye aliyekichukua.

Wiki baada ya wiki ikawa hivyo. Umeme ukicheza, Shifa anaita kupitia dirishani, "Anatoli! Toka huko!" na watu wa foleni wanacheka. Akaweka sheria kwamba Anatoli afunge laptopu akienda kula. Alifunga. Shida ikaendelea. Akamwambia aiache mezani kwake. Aliiacha. Shida ikaendelea, na Shifa akaamini kwamba sasa anatumia simu kufanya mambo fulani ambayo yeye hakuyajua. Nyumbani alimweleza baba yake habari hizo mpaka mzee akawa anaongeza sauti ya redio.

"Umemwona akifanya?" mzee Tajudin alimuuliza jioni moja.

"Baba, sihitaji kumwona. Nani mwingine?"

"Mimi nimeuliza tu."

Mwezi wa nane, baada ya Jumanne moja ambayo malori manne yaliondoka saa kumi na mbili jioni badala ya saa saba mchana, Shifa aliingia chumba cha nyuma akamweleza Mama Salu yote. Mama Salu alikuwa mwanamke mwenye haraka, anayesimamia minada mitatu na gari moja bovu. Hakuuliza mengi. Alimwandikia Anatoli barua ya onyo kwa kutumia vifaa vya ofisi kwa starehe binafsi na kuchelewesha huduma. Anatoli aliisoma akiwa amesimama, akatia sahihi kwamba ameipokea, akaikunja mara nne na kuitia kwenye mfuko wa shati. Tangu siku hiyo hakumsalimia Shifa isipokuwa kwa lazima, na asubuhi aliposema "habari ya kazi" aliuambia ukuta.

Na shida ikaendelea.

Jumanne ya pili ya mwezi wa tisa alikuja mzee Bujiku. Alikuwa mfugaji wa huko ndani ya Nkololo, mtu wa maneno mengi, na siku hiyo alikuwa amenunua mitamba sita ya kumpelekea mwanawe aliyehamia Mwamanyili. Alifika dirishani saa tatu asubuhi.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia.

"Mwangaluka, baba. Kaa hapo, nakutengenezea sasa hivi."

Alimjazia kibali chake haraka. Akabonyeza kuchapa. Wakati huo huo taa ya ofisi ikazimika, ikawaka.

"Ya Rabi, hapana," Shifa alisema.

Printa haionekani.

Alibonyeza tena. Akazima, akawasha, zikapita dakika nane. Akabonyeza. Akaichomoa printa kwenye umeme, akaichomeka. Akabonyeza. Ilipofika saa tano nyuma ya Bujiku palikuwa na watu kumi na tisa, na mitamba sita ilikuwa imeshapandishwa kwenye Fuso, inachungulia kwa juu na kulia juani.

"Mayu," Bujiku alisema, "ng'ombe ni sita. Umewahesabu, na yule kijana amewahesabu, na mimi nimewahesabu. Hawajaongezeka. Kwa nini mashine inafikiria hivi?"

"Baba, subiri."

"Nasubiri. Ng'ombe ndio hawajui kusubiri. Yule mwekundu akilala kwenye lori wenzake watamkanyaga. Nani atamlipa mwanangu? Mashine?"

"Baba Bujiku, nimekuomba."

"Andika kwa mkono. Mwandiko wako mzuri, nimeuona."

"Siruhusiwi!"

Ilimtoka kwa kelele kuliko alivyokusudia. Anatoli, pale barazani, hakugeuka. Aliinua tu mikono yake yote miwili kutoka kwenye laptopu na kuiweka juu ya kichwa, kama mtu aliyekamatwa na polisi. Watu wakacheka. Shifa alisikia uso unamchoma mpaka ndani ya ushungi.

Aliinyanyua laptopu yake, ikiwa wazi, akatoka nayo nje. Hakuwa na mpango. Alitaka tu kuiweka mbele ya uso wa Anatoli amwonyeshe kwa mara ya mwisho. Lakini alipokanyaga baraza, jicho lake lilianguka kwenye ile alama ndogo ya mtandao kwenye kona ya skrini. Mezani kwake ilikuwa na mistari miwili. Hapa ilikuwa na mitatu.

Akasimama. Ruta ilikuwa chumba cha nyuma, nyuma ya ukuta wa tofali. Amesogea mbali nayo, na mtandao umeongezeka?

Akarudi ndani. Miwili. Akatoka. Mitatu.

"Anatoli," alisema taratibu, "niambie unaona mistari mingapi hapo."

Anatoli alimwangalia kama anayetafuta mtego ulipo. "Minne," akasema. "Siku zote minne. Hapa ndipo panaposhika vizuri."

Shifa akashuka ngazi. Akapita katikati ya mbuzi waliofungwa kamba moja, laptopu ameibeba mikononi kama sinia la wali, macho kwenye kona ya skrini. Mistari minne. Akamkwepa dalali aliyekuwa anapayuka bei. Mistari ikabaki minne, imejaa. Nyuma yake watu wa foleni walianza kumfuata, kwanza wawili, halafu wote, na Bujiku mbele yao na fimbo yake.

"Anakwenda wapi?" mmoja aliuliza.

"Anapeleka mashine kwa mganga," mwingine akajibu.

Waya wa chaji ulikuwa unaburuzwa nyuma yake kwenye vumbi. Ndama mmoja aliukanyaga, ukachomoka, Shifa hakugeuka. Alitembea hatua themanini zote mpaka moshi wa nyama ukamwingia puani. Alipoinua uso alikuwa amesimama kwenye mlango wa banda la Mayige.

Shifa hakuwahi kukanyaga pale hata siku moja. Mayige aliuza bia. Binti wa mzee Tajudin hakuwa na cha kufuata kwenye banda la bia, na kwa miaka mitatu alinunua ndizi zake kwa mama wa upande wa pili. Sasa wanaume kama ishirini, glasi mkononi, waligeuka kutoka kwenye televisheni kumtazama dada mwenye ushungi na laptopu, na nyuma yake umati.

"Karibu, mayu," alisema Mayige. Alikuwa mtu mnene, mpole, na kisu cha kukatia nyama kilikuwa mkononi. "Leo tumepata mgeni."

Ukutani juu ya kichwa chake, karibu na betri kubwa ya sola, kilikuwa kimefungwa kisanduku cheupe chenye antena mbili. Cha aina ile ile ya kile cha Mama Salu.

"Mzee Mayige," Shifa alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu kwa namna ya kutisha, "waifai yako inaitwaje?"

"Inaitwaje vipi? Waifai ni waifai."

"Jina. Kwenye simu za watu linatokea jina gani?"

Kijana mmoja aliyekaa karibu alitazama simu yake. "MNADA," akasema.

"Na paswedi?"

Akaitaja. Ilikuwa ni ile ile ya ofisi, herufi kwa herufi.

Shifa aliketi kwenye kiti cha kwanza alichokiona, kati ya chupa mbili za bia. Akampigia simu Imrani na kuiweka simu kwenye sauti kubwa. Imrani alikuwa Lagangabilili, juu ya ngazi, anafunga nyaya kwenye ofisi mpya. Walisikia nyundo inagonga.

"Imrani, waifai ya Mayige umefunga wewe?"

"Eee, mimi. Mwezi wa sita. Inasumbua?"

"Ukaipa jina gani?"

Nyundo ikanyamaza.

"Imrani!"

"Dada Shifa, ngoja nikueleze. Nilipofika pale Mayige aliniambia fanya haraka, mechi inaanza. Nikaweka jina lile lile na paswedi ile ile ili simu yangu ikifika ishike yenyewe, nisihangaike kuandika. Sikudhani inaweza kufika mpaka ofisini kwenu."

"Umeme ukikatika ofisini kunatokea nini?"

"Ukikatika..." Imrani alifikiri, na kila mtu bandani alimsubiri afikiri. "Ruta yenu inazimika, inachukua kama dakika mbili kuamka. Ya Mayige iko kwenye sola, haizimiki. Sasa laptopu zina betri, haziwezi kukaa bila mtandao, zinatafuta MNADA, zinaikuta ya Mayige. Jina moja, paswedi moja, zinaingia. Na kama inashika vizuri, hazirudi. Printa yenyewe inazimika pamoja na ruta, ikiwaka inarudi kwenu. Kwa hiyo mnakuwa..." Alisita. "Mnakuwa kwenye mitandao miwili."

"Na mimi nimekupigia mara sita."

"Nilikuambia kuna mtu anahamisha laptopu."

"Mtu huyo ni wewe, Imrani! Ni wewe!"

Banda zima liliguna. Hata Mayige aliweka kisu chini.

Kilichofuata hakikuchukua hata robo saa, na hilo ndilo lililomuuma Shifa kuliko yote baadaye: miezi mitatu ya kelele kwa jambo la robo saa. Imrani alimwelekeza kwa simu namna ya kuingia kwenye kisanduku cha Mayige kupitia laptopu, akamtajia neno la kuingilia, akamwonyesha mahali pa jina. Mayige aliingiwa na wasiwasi.

"Mayu, ukibadilisha, hawa watu si watakatika? Mpira unaendelea."

"Watakatika dakika mbili. Mimi nimekatika miezi mitatu. Chagua jina."

"Basi andika Mayige Nyama Choma. Na paswedi iwe... Usiitaje kwa sauti, niandikie kwenye karatasi. Hawa wengine hawanunui hata mshikaki."

Shifa alibonyeza. Televisheni ikaganda, mchezaji mguu juu, na wanaume ishirini wakapiga ukelele ambao ng'ombe wa nje waliuitikia. Hakusubiri kusikia laana zao. Alirudi ng'ambo kwa haraka, umati nyuma yake, akaweka laptopu mezani. Ilizunguka, ikatafuta, ikashika MNADA, ambayo sasa ilikuwa moja tu duniani. Kabla hajagusa kitu, printa ikakohoa na kuanza kutema karatasi zenyewe: kibali cha Bujiku, kibali cha Bujiku, kibali cha Bujiku, kila alichobonyeza tangu saa tatu.

Bujiku alipokea kimoja, akanyoosha mkono apewe na vingine.

"Baba, kinachofaa ni kimoja."

"Nimevisubiri vyote."

"Hapana. Namba ni moja." Akavichana vilivyobaki mbele yake. Mzee alisikitika kweli. Kisha akashukuru, "Wabeja, mayu," akaenda kumwangalia mtamba wake mwekundu, ambaye alikuwa bado amesimama.

Foleni iliisha saa nane. Shifa hakumbuki alikula nini siku ile, au kama alikula. Anachokumbuka ni kwamba Anatoli alifanya kazi yake yote bila kusema neno juu ya yaliyotokea, akisoma hereni na kutaja namba, na kwamba kila namba ilimwingia Shifa kama sindano.

Baraza lilipobaki tupu, alitoka akasimama mbele yake.

"Anatoli, nimekukosea."

Anatoli alikuwa anaosha buti zake kwa maji ya ndoo. "Ndiyo," akasema.

"Nitamwambia Mama Salu leo hii. Barua itolewe."

"Mwambie."

"Nilikuwa na uhakika."

"Nilikuona una uhakika." Alimwaga maji. "Dada Shifa, nilikuonyesha jina. Siku ya kwanza kabisa nilikuonyesha. Ukasema nimebadilisha. Sasa mtu anayesema hivyo, utamwonyesha nini kingine?"

Shifa alitamani amfokee kidogo, ingekuwa rahisi zaidi.

Mama Salu aliandika barua nyingine kufuta ile ya kwanza, naye mwenyewe alionekana kuona haya, maana aliandika mistari mitatu badala ya mmoja. Lakini ilikuja kujulikana kwamba Anatoli alikuwa ameshaomba uhamisho wiki ile ile aliyopewa onyo, na uhamisho ulikuwa umekubaliwa. Alipangiwa Mwamanyili. Shifa alimuuliza kama angeweza kuomba usitishwe. Alisema angeweza, lakini ameshapata nyumba huko, karibu na ziwa, na mkewe ameipenda.

Jumanne ya mwisho ya Anatoli, Shifa alimletea kitenge cha mkewe kutoka dukani kwa mzee Tajudin, chenye maua makubwa makubwa ya zambarau, na mzee mwenyewe ndiye aliyekichagua. Anatoli alikipokea kwa mikono miwili. Akamwonyesha namna ya kusoma hereni zilizochafuka kwa tope, akamwachia brashi yake ndogo ya kuzisugulia, akapanda pikipiki. Walipeana mikono kama watu waliofanya kazi pamoja vizuri, na labda kama siyo ile miezi mitatu wangekuwa hivyo kweli.

Vibali sasa vinatoka. Umeme unacheza kama zamani, ruta inazimika na kuwaka, laptopu zinasubiri dakika mbili kisha zinarudi zinapotakiwa. Malori yanaondoka mapema. Hakuna aliyekuja kumshukuru Shifa kwa hilo, ila Mayige alikuja kulalamika. Alisimama dirishani wiki ya tatu na uso wa msiba.

"Mayu, umeniua. Watu walikuwa wanasubiri kibali kwangu, wanakula, wanaagiza tena. Sasa wanapewa karatasi na kuondoka. Jumanne iliyopita nyama nimeirudisha nyumbani."

"Mzee Mayige, unataka niwacheleweshe?"

"Sijasema uwacheleweshe. Nasema usikimbie hivyo."

Shifa alisonya kwa nguvu kiasi kwamba mbuzi aliyekuwa chini ya dirisha aliruka. Kisha akainamia laptopu na kumwita mtu anayefuata.